Silinda Yenye Nukta Tatu

Tarishi alipostaafu ndipo mdomo wake ulipoajiriwa. Kwa miaka ishirini na sita alipeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba, na kanuni ya kwanza ya idara ilikuwa kwamba mpeleka simu hazungumzi na mpokeaji: anatoa bahasha, anaonyesha pa kutia saini, anaondoka. Maneno aliyoyameza miaka yote hiyo yalikuwa bado tumboni, na siku aliyokabidhi kofia ya kazi yakaanza kupanda. Wajukuu zake walishamjua. Ukimuuliza babu ni saa ngapi, kwanza utasimuliwa saa yenyewe ilinunuliwa wapi na muuzaji alikuwa na kengeza la jicho gani.

Kazini alitoka na vitu viwili: mgongo mbovu na pikipiki. Idara ilipofunga kitengo cha simu za maandishi, mali zilinadiwa uani, na yeye akainunua pikipiki ileile iliyompa ule mgongo. Nyeusi, silinda moja, tangi lenye kitambi, kiti cha springi kinacholia kama kitanda cha nyumba ya wageni. Aliiosha kila Ijumaa. Aliipangusa spoku mojamoja kwa kitambaa cha fulana, akizungumza nayo, na mkewe alikuwa akiiita mke mwenza, bila kinyongo, kama mtu anayeshukuru kupata msaidizi.

Kisha, miaka mitatu iliyopita, ilikohoa katikati ya mlima, pistoni ikashikana na silinda, na Tarishi akairudisha nyumbani akiisukuma. Tangu siku hiyo ilikaa sebuleni, kati ya meza ya televisheni na kiti cha mama watoto, ikidondosha oili kwenye sahani iliyowekwa chini yake. Wageni waliikwepa. Mama watoto alianika mataulo kwenye usukani.

Aliyeleta balaa ni mkwe. Binti yao wa pili ameolewa na mtu mwenye nyumba ya wageni, kijana mwenye adabu nyingi na mawazo mengi zaidi. Siku moja alisimama sebuleni, akaitazama pikipiki huku amekunja mikono, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine.

"Baba," akasema, "hii tukiitoboa tangi hapa juu, tukatia udongo, tukapanda maua mekundu, halafu tukaiweka mlangoni kwangu, wageni watapiga picha mpaka wachoke."

Tarishi alimtazama kama mtu aliyeambiwa mama yake atafaa kuwa kigoda. Akamgeukia mkewe apate msaada. Mkewe alikuwa akitoa taulo kwenye usukani.

"Mimi sina neno," mama watoto akasema. "Ikitembea ni pikipiki. Isipotembea ni kabati, na kabati ninalo. Mwanangu, njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukiikuta imetembea mpaka kona na kurudi, utakunywa chai uende zako. Ukiikuta imekaa, uichukue."

"Mama watoto."

"Miaka mitatu, baba watoto. Nimejikwaa nayo miaka mitatu."

Mwisho wa mwezi ulikuwa baada ya siku kumi na saba.

Kesho yake Tarishi aliifungua injini, akaifunga silinda kwa taulo kuukuu, akaitia kwenye kikapu, akatoka. Alianzia kwa fundi pikipiki wa pale njiani, ambaye aliitazama silinda bila kuishika. "Babu, hii tuitupe. Nakutafutia injini nyingine nzima, naipachika leo hii, jioni unaruka." Tarishi akamwambia kuwa hata yeye fundi ana kichwa kibovu lakini hakuna aliyependekeza apachikwe kingine. Wakaachana hapo.

Wa pili alikuwa na karakana kubwa yenye vioo, na mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta. Mhusika alivaa kinga za masikio shingoni kama mkufu. Aliipima silinda kwa uangalifu, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Mashine haina saizi hii," akasema hatimaye, na kwa jinsi alivyosema ilionekana mwenye kosa ni silinda.

Wa tatu hakuwa fundi. Alikuwa mzee muuza spea, mwenye duka jembamba kama kaburi, na spea ambazo pikipiki zake zilikufa kabla wanunuzi hawajazaliwa. Aliipokea silinda kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na balbu, akachungulia ndani.

"Kazi hii ni ya Kimya," akasema.

Jina hilo Tarishi alikuwa hajalisikia miaka mingi. Enzi za idara, karakana ilikuwa nyuma ya ukuta, na wapeleka simu hawakuruhusiwa kuvuka lango. Ulimkabidhi msimamizi pikipiki, ukarudi kesho, na msimamizi akakupa habari za mtu usiyemwona. Kimya ameshamaliza. Kimya anasema plagi hii umeiua mwenyewe. Kimya anasema ukiikimbiza kabla haijazoea atakuja kukutoa kwenye kiti. Na injini ilirudi ikiwa mpya, ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na Tarishi alikuwa akimletea msimamizi soda mbili kila mara, moja yake, moja ya Kimya.

"Kimya bado yu hai?"

"Yu hai. Atakufa kwa lipi? Nenda nyuma ya soko la mitumba, mtaa wa wachomeleaji. Uliza tu fundi."

Ushauri huo ulikuwa sawa na kwenda msibani ukauliza mwenye huzuni. Mtaa mzima ulikuwa wa mafundi: fundi wa majiko, fundi wa mageti, fundi wa viti, fundi wa redio, na kwenye baraza ya kwanza kabisa, mama mmoja wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa, akishona suruali kwa cherehani ya miguu. Tarishi akamsalimia.

"Mama, samahani. Kuna mzee mmoja namtafuta hapa. Nina shida."

"Shida gani?"

Tarishi akaona si mahali pa kuanza kueleza mambo ya pistoni. "Ni shida ya kiume, mama."

Mama hakuinua macho. "Dawa za shida hiyo zinauzwa duka la pili. Wapo wenzako, kuna foleni."

"Hapana, mama, hapana. Ya injini. Namtafuta mzee Kimya, fundi wa kuchonga vyuma."

Cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Kama shida ni ya kiume," mama akasema, "basi zunguka huko nyuma, kwa wanaume."

Akazunguka. Alizunguka siku hiyo na siku iliyofuata, na kila aliyemuuliza alimwambia Kimya yupo, ametoka kumwona sasa hivi, na kumwelekeza alikotoka. Siku ya tatu, akitokeza kwenye uchochoro wa mchomeleaji wa mageti, ncha ya chuma ikamnasa mfuko wa suruali na kuufungua mpaka gotini. Akarudi kwa mama wa cherehani akiwa ameshika paja kama aliyeumwa na nyuki.

Mama akampa kanga ajifunge, akamwambia akae. Tarishi akakaa juu ya stuli, kikapu mezani, na kwa kuwa mtu aliyejifunga kanga hadharani hana tena cha kuficha, akafunguka. Alimweleza habari za mlima, za pistoni, za mkwe na kompyuta iliyokosa saizi. Mama alikuwa na pini tano mdomoni na hakujibu. Tarishi alipofika kwenye ukubwa wa silinda, akasema imeshachongwa mara mbili.

"Mara tatu," mama akasema kati ya pini.

"Mbili, mama. Mimi ndiye mwenyewe."

"Igeuze. Chini ya ukingo, upande wa bomba la moshi."

Tarishi akalifungua taulo, akaigeuza silinda, akasugua kwa kidole gumba. Chini ya masizi kulikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa ncha ya chuma, ndogo kama ufuta, zimejipanga. Aliiosha silinda hiyo Ijumaa kwa Ijumaa maisha yake yote na hakuwahi kuziona.

"Ya kwanza niliipiga mwaka daraja la mbao lilipobebwa na maji," mama akasema. "Ya pili ulikuwa umeiendesha bila oili, na ukamdanganya msimamizi kuwa ilivuja. Ya tatu ni wiki moja kabla hawajafunga. Hiyo sikuandika popote, hakukuwa tena na daftari."

Tarishi aliitazama silinda, akamtazama mama, akaitazama cherehani.

"Kimya ni wewe?"

"Ni jina la kazini."

"Lakini walisema..." akaanza. Alijaribu kukumbuka ni nani aliyemwambia Kimya ni mwanamume. Msimamizi alisema ameshamaliza. Muuza spea alisema yu hai. Mafundi wote wa mtaa huu walisema yupo, anakuja, amekaa, ametoka. Hakuna hata mmoja aliyedanganya. Uzee wa kiume, kofia yenye madoa ya rangi, na masharubu mazito yenye mvi ambayo kwa miaka ishirini na sita Tarishi alimwona nayo Kimya akilini, alikuwa amempachika mwenyewe.

"Mbona juzi hukuniambia?"

"Ulisema ni shida ya kiume. Mimi nitaingiliaje?"

Tarishi akakohoa. "Nilikuwa nikikuletea soda," akasema, kama anayejitetea mbele ya hakimu. "Kila mara. Nilimwambia msimamizi, moja ya Kimya."

"Nilizisikia zikifunguliwa," mama akasema. "Zote mbili."

Akaukata uzi kwa mkasi.

Kuhusu jina, hakuwa mkimya hata kidogo. Aliitwa hivyo kwa sababu kisu cha mashine kilipogusa chuma alikuwa akifoka neno hilo moja, na karakana nzima, wanaume kumi na wanne, ikafunga midomo. Alisikiliza. Chuma kikikatwa vizuri, alisema, kinalia kama mahindi mabichi yakimenywa. Kikilia kama mtoto, umekosea. Idara ilipofungwa wenzake walikwenda kwenye migodi na viwanda. Yeye akapewa mkono wa kwaheri na kununua cherehani. "Hii nayo ni mashine," akasema. "Ila hapa nikikosea mtu anatembea na suruali mbaya. Kule nikikosea anatembea kwa miguu."

"Basi nichongee, fundi."

"Miaka tisa sijashika chuma. Macho yangu yanaishia kwenye tundu la sindano. Na hiyo silinda haichongeki tena, imebaki ganda. Ukiitoa unywele mmoja zaidi itapasuka siku ya kwanza. Mpe mkwe wako."

"Anataka kupanda maua kwenye tangi."

"Maua?"

"Mekundu."

Mama akaweka suruali chini. Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. "Pistoni ya kwanza kabisa, ile iliyokuja na pikipiki, unayo?"

"Inazuia mlango wa jikoni."

"Ilete. Mwambie mkeo atafute jiwe."

Jioni hiyo Tarishi alipomaliza kusimulia, mama watoto alikuwa amejiegemeza ukutani, machozi ya kicheko yanamtoka. "Miaka yote hiyo," akasema, "unampelekea mwanamke soda, na bado zikanywewa na mwanamume mwenzako." Lakini pistoni aliiosha mwenyewe kwa sabuni ya vyombo.

Mashine ya zamani ya Kimya ilikuwa kwenye ua wa mpwa wake, mchomeleaji wa mageti yuleyule ambaye chuma chake kilichana suruali. Ilikuwa imefunikwa na makopo ya rangi, matairi, na kuku mmoja anayelalia. Mpwa akasema, "Shangazi, kuku ana mayai kumi na moja." Shangazi akamjibu kuwa mayai hayaongozi nchi. Kuku akahamishwa na beseni lake. Wakapangusa, wakatia grisi, wakafunga mkanda mpya, na mashine ilipozunguka ilitoa harufu ambayo Tarishi aliijua mara moja: oili ya moto na vumbi la chuma, harufu iliyokuwa ikivuka ukuta wa karakana asubuhi wakati yeye na wenzake wakisubiri mifuko ya simu, vijana, viatu vimeng'aa, kila mmoja akiapa kuwa pikipiki yake ndiyo yenye mbio kuliko zote. Watano kati yao hawapo tena. Wengine wanatembea kwa fimbo. Alitaka kumweleza Kimya habari zao, mmoja baada ya mwingine.

"Kimya," Kimya akafoka, na kisu kikagusa chuma.

Kwa kuwa silinda haichongeki, ilibidi ivishwe. "Tunaitia shati la ndani," alieleza: bomba jembamba la chuma alilolikata kwenye silinda kuukuu ya lori, ambalo lingekaa ndani ya silinda ya zamani na kuishika pistoni ile ya kwanza, iliyo ndogo, kama mpya. Alifanya kazi siku nne. Nusu ya muda alikuwa amefumba macho, ncha ya bisibisi ndefu imegusa mashine na mpini umebanwa kwenye meno, akisikiliza kwa taya. Kipimo chake kilikuwa karatasi ya sigara. Kilipopita kwa kusuasua alitikisa kichwa. Kilipokataa kupita alitabasamu. Tarishi alikaa juu ya tairi, saa tatu kwa wakati mmoja, bila neno. Mkewe hakuamini. Alituma mjukuu kuhakikisha hajaugua.

Siku ya tano, Alhamisi, ndiyo ilikuwa ya kuvisha, na hapo hapakuwa na marudio. Silinda ilipashwa juu ya jiko la mkaa mpaka tone la maji likaruka juu yake. Shati lilikuwa kwenye barafu ndani ya friji ya muuza maji tangu asubuhi. Chuma cha moto kinatanuka, cha baridi kinasinyaa. Ukiwahi, kimoja kinaingia ndani ya kingine kama mkono kwenye mfuko. Ukichelewa kwa pumzi mbili kinakwama katikati, na hapo hata wenye kompyuta hawakitoi.

"Mpwa wangu ana papara," Kimya akasema. "Utashika silinda wewe."

"Mkono wangu unatetemeka, fundi."

"Ulishika bahasha ngapi za misiba?"

Tarishi hakuwahi kuzihesabu.

"Ilitetemeka hata moja?"

Akaishika silinda kwa koleo mbili. Joto lilimpiga usoni. Kimya akalitoa shati kwenye barafu kwa vidole vitupu, likifuka, akapeleka uso karibu kabisa, karibu mno, akalishusha. Likaingia robo. Likasimama.

Kimya aliligeuza kidogo, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya mtoto aliyelala, na likashuka lenyewe, likagonga mwisho kwa sauti ndogo ya tik.

Walikaa wote watatu chini wakingoja lipoe. Baada ya muda mrefu Tarishi akauliza kama atapiga nukta ya nne.

"Nukta ni ya kilichopungua," Kimya akasema. "Leo tumeongeza."

Jumamosi mkwe alifika mapema na pikapu, kamba, na mfuko wa udongo. Tarishi alikuwa amekwisha kuitoa pikipiki nje. Alipiga kiki mara moja, mara tano, mara tisa. Mgongo ukamwambia basi. Mkwe, kwa adabu zake zote, akageuka kuangalia upande mwingine na kuanza kunyoosha kamba. Mara ya kumi na mbili injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikashika.

Tu, tu, tu, tu.

Nyumba ya pili mlango ukafunguka. Bibi kizee aliyekaa mtaa huo kuliko wote akatoka na mkono kifuani, kanga imeanguka bega moja. "Nani?" akauliza. "Ni nani, Tarishi? Amekufa au amezaliwa?"

Zamani mlio huo haukuja bure. Ulipoingia mtaani wanawake waliacha vyungu, wanaume walikunja magazeti, na kila nyumba ilishika pumzi mpaka ijue unasimama kwa nani. Tarishi alikuwa ameusahau upande huo wa mambo. Aliikumbuka kofia, mbio, viatu. Yule bibi aliukumbuka mlango wake mwenyewe.

"Hakuna, bibi," akasema. "Hakuna habari. Ni mimi tu."

Bibi akaegemea mlango. Kisha akaanza kucheka, akaipandisha kanga yake. "Basi pita," akasema. "Pita, nikuone."

Akapita. Akaenda mpaka kona, mwendo wa baiskeli, kama Kimya alivyoamuru, akageuza, akarudi. Mama watoto alikuwa amekwisha kumpa mkwe kikombe cha chai.

"Itapendeza zaidi ikitembea," mkwe akasema, na lazima isemwe kwamba alisema kwa moyo mweupe. Udongo aliuacha.

Kilomita mia moja za kwanza zilimchukua wiki tatu. Injini iliyovishwa shati jipya haikimbizwi. Inazoezwa, na Tarishi alizoezwa pamoja nayo, akipitwa na baiskeli na watoto wa shule waliompungia mkono kwa huruma. Zilipotimia akamwaga oili kidogo kwenye chupa, akaipeleka barazani.

Kimya akamimina tone kwenye kipande cha kitambaa cheupe, akakielekeza juani. Akakiweka. Akatia tone jingine kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akasugua. Alikuwa akitafuta chenga za chuma. Chenga chache ni kawaida. Nyingi maana yake shati linalika, na kazi yote bure. Tarishi alisimama mbele yake na chupa mkononi, na hakusema kitu, wala hakuambiwa asiseme.

"Imekaa," Kimya akasema.

"Kwa hiyo imepona?"

"Nimesema imekaa. Rudi baada ya kilomita mia nyingine." Akajifuta vidole, akavuta suruali ya mtu karibu na sindano, kisha akaiacha. "Unajua sijawahi kupanda hata moja? Zote zile. Nilikuwa nazisikia zikitoka langoni, nasema ile imekaa vizuri, ile itarudi. Lakini kupanda, hapana. Haikuwa kazi yangu."

"Panda sasa hivi. Nakupeleka mpaka..."

"Injini haijazoea, unaibebesha mtu? Ya pili uliiua bila oili, hii unataka kuiua kwa abiria." Mguu wake ukaanza kukanyaga, cherehani ikaamka. "Mia ya kwanza ni ya dereva peke yake. Ya pili vilevile. Abiria ni kuanzia ya tatu."

Tarishi alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Akaipiga kiki, ikashika mara ya pili, na akaondoka polepole katikati ya mtaa wa mafundi, akiwa makini asiikimbize. Nyuma yake cherehani ilikuwa imesimama.